Chungwa la Shosho

Shosho hakujua kusoma, lakini tarehe 21 Novemba 2005 alipiga kura bila kusaidiwa na mtu. Ilikuwa kura ya maamuzi kuhusu katiba: ndizi ni ndiyo, chungwa ni la. Rasimu nzima ikawa matunda mawili aliyokuwa akiuza kila siku. Chungwa likashinda, halafu likakipa chama cha ODM jina.

Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nilimkuta kibandani akifunika machungwa kwa gunia. Ndizi aliziacha wazi.

“Mbona hivyo, shosho?”

“Watu watadhani niko upande fulani.”

Alama iliyomwezesha kujisomea kura, sasa iliwawezesha wengine kumsoma yeye, bila hata kumuuliza jina.