MAFUNDI WASIO NA JINA: WALIVUA KWA KIKAPU, KWA SAMAKI MWENZAKE NA KWA KANDAMBILI

Leo tunaweka pembeni habari za nani kamwacha nani, tunaongelea watu ambao hakuna aliyewahi kuwapiga picha.

Juzi nilikuwa Feri hapa Dar, nimefuata samaki wa jioni, nikaona boya la wavu limetengenezwa kwa kandambili. Ya bluu, imekatwa duara, imetobolewa katikati, na ile alama ya kidole gumba bado inaonekana. Nikabaki nimesimama hapo mpaka muuza samaki akaniuliza kama nanunua au naangalia. Hivi nani alikuwa wa kwanza kuwaza kwamba kandambili ikikatika kamba inaweza kwenda kushikilia wavu baharini? Yupo. Lazima alikuwepo mtu wa kwanza. Ila jina lake hulipati popote.

Turudi nyuma sana kidogo. Kuna kitabu kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea, kimeandikwa kwa Kigiriki kwenye karne ya kwanza, yaani karibu miaka 2000 iliyopita. Ni kama mwongozo wa wafanyabiashara wa meli, unaeleza bandari moja baada ya nyingine mpaka huku kwetu. Humo kinatajwa kisiwa kinaitwa Menuthias. Wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia, ugomvi haujaisha. Mwandishi anasema watu wa hapo wana mitumbwi ya kuchonga na mashua zilizoshonwa kwa kamba, na wana namna yao ya kuvua kwa vikapu, wanavitega kwenye mikondo ambapo maji yanapita kati ya mawimbi. Kilichonifurahisha ni kwamba huyo mwandishi mwenyewe naye hajulikani jina. Asiyejulikana anawaandika wasiojulikana.

Sasa ukisikia vikapu vya kuvulia, mtu wa pwani anawaza dema hapo hapo. Kenya wanasema malema. Siwezi kuapa kwamba kile cha Menuthias ni dema hili hili, ila wazo ni moja. Babu yangu mzaa mama, kule Kilwa, alikuwa anayasuka. Anapasua mianzi nyembamba, anasuka macho ya pembe sita, halafu anaweka mlango kama faneli, mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki anaingia vizuri tu, kutoka ndiyo hajui atokee wapi. Unatia chambo, unaweka mawe lizame, unaliacha karibu na matumbawe, kesho au keshokutwa unaenda kulifungua. Hamna betri, hamna mashine, na samaki anatoka mzima, anarukaruka.

Kitu ambacho mimi nikiwa mdogo sikukielewa ni yale macho. Babu alikuwa anapima kwa vidole. Jicho likibana sana anafumua, anaanza upya. Mimi namwambia babu, acha tu, si ndiyo tutapata wengi? Ananiangalia kama nimetukana.

Ila kwa ubunifu, wale walionishangaza kuliko wote ni wavuvi wa kasa wa zamani. Kuna samaki anaitwa chazo, yule mwenye kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa, anajibandika kwa papa na kasa anapewa lifti ya bure. Hao wazee wakasema sawa, kama wewe kazi yako kujibandika, njoo tukuajiri. Wanamfunga kamba mkiani, wanakaa naye kwenye chombo, wakimwona kasa wanamwachia. Chazo anakwenda kujibandika kwa nguvu zote, wao wanavuta kamba pole pole mpaka kasa anafika. Ndoana yenyewe ni samaki! Mwaka 1884 ofisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, Frederic Holmwood, aliandika habari hizo kwa wanasayansi wa London. Basi ukitafuta habari hii leo, jina unalolipata ni Holmwood, wakati yeye hakuvuta hata kamba. (Na msijaribu jamani, kasa siku hizi analindwa na sheria.)

Tangu hapo kilichobadilika ni malighafi. Fundi wa baharini anatumia kile ambacho wengine wamemaliza kukitumia. Zamani ilikuwa mwanzi, miti, kamba za nyuzi za mimea na pamba. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ikaingia nailoni, na vitu vya viwandani vikaanza kujaa. Plagi ya pikipiki iliyokufa ikawa chubwi la mshipi. Dumu la mafuta ya kula likawa boya. Spoku ya baiskeli inanolewa inakuwa mkuki wa pweza. Mpira wa tairi unakatwa vipande unakuwa nguvu ya bunduki ya kuchomea samaki. Babu alikuwa na kopo la plagi kama hilo, akipita bodaboda mbovu anaichungulia kama fisi.

Halafu ikaja takataka moja ambayo haikuwa takataka.

Akina mama wa pwani wana uvuvi wao wa miaka mingi, kutanda uduvi. Wawili wanaingia maji ya kiunoni, wanashika nguo huku na huku, kanga au shuka, wanaiburuta, wanainua. Uduvi wanakaushwa, wanauzwa kwa kisado. Sasa miaka ile ya 2009 mpaka 2011 vyandarua vyenye dawa vilikuwa vinagawiwa nchi nzima kwa ajili ya malaria. Chepesi, kirefu, matundu madogo, maji yanapita haraka kuliko kwenye kanga. Unadhani nini kilitokea?

Mimi nilikuwa darasa la tano. Chandarua changu kilikuwa cha bluu. Mama mdogo alikuja akakifungua kutoka kwenye kamba, akakikunja, akasema, "Mwanangu, utajifunika shuka." Kikaenda baharini. Sikukirudisha tena. Msimu ule niliumwa malaria mara mbili. Na msimu ule ule nilipata viatu vipya vya shule na madaftari yote, pesa ya uduvi. Mpaka leo nikipiga hesabu sijui nilidhulumiwa au nilisaidiwa.

Siku moja babu alipita pale uwanjani uduvi wakiwa wameanikwa. Akachuchumaa, akawa anachambua kwa kidole. Katikati ya uduvi kulikuwa na vichangu na vitasi, vitoto, kama kucha. Akavipanga pembeni kimoja kimoja, vikafika ishirini na kitu. Akamwambia mama mdogo, "Hawa ndio wangeingia demani mwangu mwakani." Mama mdogo akamjibu, "Baba, mwakani mtoto atakuwa ameshafukuzwa shule." Babu hakusema tena. Alisimama, akajipangusa mchanga, akaenda.

Kuvua kwa chandarua cha mbu ni marufuku, najua, na sababu naijua, niliiona imepangwa pale mchangani. Lakini nikisoma watu mtandaoni wanawaita wale kina mama wajinga, huwa nasikia vibaya. Yule wa kwanza aliyeshika chandarua akawaza uduvi alikuwa na akili ile ile ya mtu wa kandambili na ya yule wa chazo. Tofauti ni jicho tu.

Babu ameshafariki. Dema la mwisho liliozea nyuma ya nyumba, na hakuna kati yetu wajukuu anayejua kusuka ule mlango wa faneli. Niliwahi kujaribu kwa mianzi ya fensi, ikatoka kitu kama tenga la kuku.

Haya, wadau wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na ndugu zetu wa Lamu na Mombasa: kwenu kutanda mnakuitaje, na kabla ya vyandarua bibi zenu walitumia nguo gani? Na kama kuna mtu nyumbani kwao bado wanasuka dema, naomba aniandikie hapo chini, nina nauli.