Kizuizini: Kifungo Kisicho na Hukumu

Kutoka Nyasura, Bunda, msafiri akifuata barabara ya Tarime, akavuka mpaka pale Sirari na kuipita Migori, anaingia Kisumu siku hiyohiyo. Huko kuna hospitali kubwa ya rufaa ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini wenyeji bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta alikwenda kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Yeye na Odinga wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku chache baadaye Odinga na viongozi wenzake wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union walikuwa wamekamatwa, na tarehe 30 Oktoba chama chao kikapigwa marufuku. Odinga aliachiwa mwaka 1971. Muda wote huo hakusimamishwa mahakamani kujibu shtaka lolote.

Hali hiyo ndiyo Kiswahili kinaiita kuwekwa kizuizini. Wanasheria walioandika kwa Kiingereza waliipa jina linalosisitiza kinga: mtu anazuiwa mapema asije akatenda jambo ambalo serikali inadhani atalitenda. Hapo ndipo uzito wa istilahi hii ulipo. Mahabusu ameshtakiwa, au anachunguzwa kwa kosa fulani, na anasubiri siku ya kesi. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa na anajua siku zake. Aliye kizuizini hana kesi wala hukumu, na tarehe ya kutoka anaijua yule aliyetia saini amri.

Magazeti huchanganya maneno haya matatu, na mchanganyiko huo una madhara. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa mfungwa. Mwaka 1968 aliandika kijitabu Kenya: Twendapi?, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu anaweza kuipinga hukumu ile, na ipo sababu ya kuipinga, lakini shtaka lilikuwapo na lilisomwa. Anayemwita Odinga mfungwa anamtwisha hatia ambayo hakuna mahakama iliyomtia.

Sheria za namna hii zilipata nguvu mpya duniani wakati hofu ya ukomunisti ilipopanda. Mwaka 1950 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa ndani, likaipuuza kura ya turufu ya Rais Truman. Sehemu yake moja iliruhusu, wakati wa dharura, kuwashika watu waliodhaniwa kuwa huenda wangefanya ujasusi au hujuma. Haikupata kutumika, ikafutwa mwaka 1971. Mwaka uleule wa 1950 Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuukandamiza ukomunisti, ikiwa na tafsiri pana kiasi cha kumnasa karibu kila mpinzani wa ubaguzi. Nelson Mandela na wenzake walitiwa hatiani kwa sheria hiyo mwaka 1952, na jaji mwenyewe alisema kosa lao halikuhusiana na ukomunisti kama watu wanavyouelewa.

Kenya ya kikoloni ilikuwa na hofu yake. Kenyatta aliwahi kusoma Moscow miaka ya 1930, na walowezi hawakuacha kulikumbusha jambo hilo. Chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, watu kwa maelfu waliwekwa kizuizini Manyani, Hola na kwingineko. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mwana vyama vya wafanyakazi, alikamatwa mwaka 1954 na hakuwa huru hadi 1959. Wengi walitarajia uhuru ungeuondoa mtindo huo.

Haikuwa hivyo. Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mwezi Aprili serikali iliikataa shehena ya silaha za Kisovieti iliyofika Mombasa. Taasisi ya Lumumba, iliyokuwa ikiwafundisha makada wa chama tawala cha KANU, ilifungwa mwaka huohuo. Kila tukio lilimwacha Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, akiwa na wasaidizi wachache zaidi na jina la mkomunisti likimganda zaidi. Alipojiuzulu Aprili 1966 na kuongoza chama kipya, Bunge lilibadili sheria ya kulinda usalama wa umma ili watu waweze kuwekwa kizuizini hata wakati wa amani. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliokuwa upande wake walishikwa kabla mwaka haujaisha. Chama hicho kilitaka ardhi igawiwe upya, tena bure kwa wasio nayo. Hayo yalikuwa madai ya wakulima, na yalistahili kujibiwa bungeni kwa hoja.

Tanganyika ilitangulia kwa miaka minne, na aliyekuja kuwa na mamlaka hayo alikuwa mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere. Sheria ya 1962 ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini kwa kuhatarisha amani au usalama wa taifa, na ikasema wazi kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yoyote. Kamati ya ushauri ilikuwapo, lakini Rais hakulazimika kuufuata ushauri wake. Hofu iliyoizaa haikuwa ya ukomunisti: nchi ilikuwa changa, migomo ilikuwa mingi, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walishikwa. Heshima ambayo watu wa Mara wanampa Mwalimu ni ya haki, na haipungui kwa kusema kwamba sheria hii ilikuwa mbaya.

Maisha ya Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, yanaonyesha ubaya huo vizuri kuliko maelezo yoyote. Waingereza walimfunga Zanzibar mwaka 1962 kwa uchochezi, wakati magharibi ilipokuwa ikimtazama kama wakala wa Peking. Chama chake cha Umma kilipigwa marufuku siku chache kabla ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Baadaye akawa waziri katika Serikali ya Muungano. Kisha, Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Karume, alipouawa Aprili 1972, Babu aliwekwa kizuizini Tanzania Bara kwa sheria ileile ya 1962. Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, na Mwalimu alikataa kumpeleka huko, jambo ambalo huenda lilimwokoa. Hata hivyo alikaa ndani hadi 1978 bila mahakama yoyote ya Bara kumsikiliza. Mmarksi huyu alishikiliwa na serikali iliyokuwa ikijenga ujamaa.

Kenya nayo iliitumia tena silaha hiyo mwaka 1982, safari hii dhidi ya wahadhiri wa vyuo vikuu walioshukiwa kufundisha Umarksi. Al-Amin Mazrui na Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, walikuwa miongoni mwao. Kipengele cha kizuizini kiliondolewa huko kwenye marekebisho ya 1997.

Kwa Tanzania, Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja sheria ya 1962 miongoni mwa sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 1992. Miaka 10 baadaye, sheria za nchi zilipochapishwa upya katika toleo la 2002, bado ilikuwamo, safari hii kama Sura ya 361.