Kamera Kando ya Reli

Baleni hakuna reli. Kisiwa kizima cha Mafia hakina. Treni ya kwanza niliiona nikiwa na miaka kumi na tisa, siku nilipovuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati na kuendelea mpaka Dar es Salaam. Tangu hapo napiga picha za treni. Bibi huniuliza, "Mjukuu wangu, chuma kinajipitia zake, wewe unakipiga picha za nini?"

Mwaka wa kwanza nilisimama chini ya daraja la reli, kamera mkononi, nikisubiri treni ya mizigo. Mlinzi akanijia. "Kijana, nani kakuruhusu?" Sikuwa na jibu. Akanifutisha picha zote, nikaondoka nimenuna. Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lake lina umri kutushinda sisi wote wawili.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo vita vikazuka, na reli zikawa shabaha. Vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka mpaka kutega baruti kwenye Reli ya Uganda, pande za Tsavo. Kwetu nako hakukusalimika. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na mwezi Julai ndege zilizoruka kutoka kisiwani ziliwaelekeza wapiga mizinga mpaka manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, ikaangamia. Mizinga ilifanya kazi, lakini jicho la angani ndilo lililotangulia.

Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa tawala za walowezi. Oktoba 1979 wanajeshi wa Rhodesia walilipua daraja lake la Chambeshi, nchini Zambia. Anayetaka kulipua daraja hulichunguza kwanza. Mlinzi aliyerithi kumbukumbu hiyo akiona kamera, haoni mpenzi wa treni.

Siku hizi naona ananilinda na mimi pia. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Dizeli ya zamani ilijitangaza kutoka mbali; hii, ukiisikia, huenda imeshakufikia. Juu yake kuna nyaya za volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho haungoji uguse waya. Ukisogeza fimbo ndefu ya kamera karibu, unakurukia.

Basi nimejiwekea masharti. Naomba ruhusa kwanza. Sivuki uzio, sisimami relini hata njia ikiwa tupu. Sirudi kinyumenyume jicho likiwa kwenye kamera. Na siendi peke yangu: mmoja anapiga, mwenzake anatazama njia.

Mwaka jana nilirudi kwa mlinzi yuleyule, safari hii na kibali. Alikisoma taratibu, akanionyesha mwembe ulio mbali na reli. "Simama pale. Unatoka wapi, mwanangu?"

"Mafia, mzee."

"Kwenu kuna treni?"

"Hakuna."

Akacheka. "Ndiyo maana." Kisha akageuka, akaitazama njia kwa niaba yangu.