Bukavu: Historia ya mji iliyobaki katika madirisha ya mbao

Katika mitaa ya Nyawera, Muhumba na Nguba, komine ya Ibanda, mtu akianza kutengeneza nyumba ya zamani, kitu cha kwanza kutupwa nje ni dirisha la mbao. Linang'olewa kwa nyundo, linaegeshwa kando ya barabara, na kabla ya jua kuzama limekwisha kuwa kuni. Mahali pake panawekwa chuma au alumini.

Wakaaji wanaziita nyumba hizo "nyumba za Wabelgiji". Jina hilo ni nusu ya ukweli. Aliyechora ramani alikuwa Mzungu, ndiyo. Lakini waliopasua magogo, waliopiga randa na waliopachika kioo walikuwa mafundi Wakongomani, na tangu uhuru kila aliyetengeneza dirisha hilo lilipovunjika alikuwa Mkongomani. Kwa hiyo dirisha linalochomwa chini ya sufuria ya maharage ni kazi ya babu wa mtu fulani hapa hapa mjini.

Na ufundi wenyewe haukufika na Wabelgiji peke yao. Maneno yanashuhudia. Dirisha na seremala ni maneno yenye asili ya Kiajemi, msumari ni la Kiarabu. Yalipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyopita Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe katika Maniema. Misafara hiyo ilileta pia utumwa, na Maniema haijasahau. Juu ya maneno hayo yakaja ya Kifaransa: menizie, kadre, mastiki. Ndiyo sababu fundi wa Bukavu anaweza kutaja vipande vya dirisha moja kwa lugha tatu au nne, naye anaona anasema Kiswahili tu. Kweli anasema Kiswahili.

Wamisionari nao walikuwa na sehemu yao. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, mwaka 1885, wakafungua Kirungu mwaka 1893. Mafrateri wao walifundisha vijana kuchoma matofali, kupasua mbao, kutengeneza milango na madirisha ya makanisa na shule. Kijana aliyejifunza misioni aliondoka na kazi mkononi, na kazi ilimfuata popote mji mpya ulipoanzishwa.

Mji mmoja kati ya hiyo ni Bukavu. Mwaka 1927 wakoloni waliubadilisha jina ukawa Costermansville. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya Kivu ili kuvuta walowezi, na wenyeji wengi walipoteza mashamba yao. Mwaka 1933 mji ukawa makao makuu ya jimbo. Ndipo zikajengwa zile nyumba zenye kona za mviringo zinazotazama ziwa. Baadhi zilipewa madirisha ya chuma, nyingine ya mbao ngumu za msituni kama muvula na libuyu. Jina la Bukavu lilirudi mwaka 1953.

Wakati huo huo upande wa Waafrika ulikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1952 serikali ya wakoloni iliunda Office des Cités Africaines, iliyojenga mitaa ya wafanyakazi Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Usumbura na Bukavu. Hapa kazi yake inaonekana hasa Bagira. Nyumba zilikuwa ndogo, za vipimo vinavyofanana, na vyumba vyake havikutazama ziwa. Lakini kufanana huko kuna faida moja: dirisha la nyumba iliyobomoka mara nyingi linaweza kuingia katika nyumba ya jirani baada ya kupigwa randa kidogo.

Ukitaka kujua umri wa dirisha, tazama kioo chake kabla ya mbao. Kioo cha zamani kina mawimbi madogo. Ukitazama Ziwa Kivu kupitia kioo hicho huku ukisogeza kichwa, milima ya ng'ambo inaonekana ikitetemeka kama inayooneshwa ndani ya maji. Mawimbi hayo yana historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mbelgiji Émile Fourcault alibuni njia ya kuvuta kioo kilichoyeyuka kwenda juu kama utepe mpana, badala ya kupuliza kwa mdomo, na nchi ya Charleroi ikauza vioo duniani kote. Kioo cha kuvutwa hakikosi michirizi. Kile kilichonyooka kabisa kilikuja baadaye, baada ya kampuni ya Pilkington ya Uingereza kutangaza mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo juu ya bati lililoyeyuka. Kwa hiyo dirisha moja likiwa na vioo vitatu vya mawimbi na kimoja kilichonyooka, jambo lilitokea kwa kile kimoja.

Na mambo yaliyotokea Bukavu si machache. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji, jeshi la taifa likawazingira, mwishowe wakavuka kwenda Rwanda. Risasi na mabomu havikuchagua kati ya nyumba ya tajiri na ya maskini. Waliorudi nyuma ya vita walikuta mji wa vioo vilivyovunjika.

Miaka sita baadaye ulikuja msukosuko usio wa bunduki. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali, na tarehe 30 Novemba mwaka ule Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa Wazairwa. Nyumba nyingi zilibadilisha wenyewe. Kisha uchumi ukaanguka, na nyumba ya jamaa moja ikawa ya jamaa nne. Baraza liligeuzwa chumba, dirisha likagawanywa kwa ukuta wa mbao, kioo kilichovunjika kikazibwa kwa kipande cha bati la mkebe lililonyooshwa. Huo ulikuwa wakati wa Artikle 15: kila mtu ajitafutie njia. Fundi akikwangua rangi leo bado anakuta vile vibati, vimepigiliwa misumari midogo kwa uangalifu mkubwa. Wanaovicheka hawajui. Kibati kile kilizuia mvua, na kwa sababu hiyo ubao ulio chini yake haukuoza.

Halafu Oktoba 1996, vita vya AFDL. Juni 2004, mji ulishikwa tena kwa siku kadhaa na kuporwa. Jumapili ya 3 Februari 2008 likaja tetemeko la nchi lililopasua kuta Bukavu na kuua watu hapa na ng'ambo ya Rusizi. Februari 2025, M23 waliingia. Kila mara vioo vilivunjika, na kila mara kuna aliyebaki akitafuta kipimo, akikata kioo kingine na kukanda mastiki.

Tetemeko lilifundisha jambo moja. Kadre ya mbao, yaani zile mbao nne zilizoshikwa ukutani, haikuungwa kwa misumari. Ubao mmoja umechongwa ulimi, mwingine tundu, ulimi ukaingia ndani, kisha kijiti kigumu kikapita katikati kufunga. Ukuta ukisukuma, kiungo hicho kinakubali kupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Nyumba ilipotikiswa, madirisha mengi hayakuharibika. Yalikataa tu kufunga. Fundi anayejua kazi hachukui nyundo. Anachukua kamba, anapima kutoka kona ya juu ya kushoto hadi ya chini ya kulia, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kadre iko sawa na tatizo liko katika bawa linalofunguka. Visipolingana, ni kadre iliyoinama, na bawa litapigwa randa lifuate mwinamo wake.

Kujengwa kwa viungo ndiko kunakofanya dirisha la zamani litengenezeke kipande kwa kipande. Dirisha la alumini likiharibika kona, mara nyingi hununuliwa jingine zima. La mbao huoza karibu kila mara sehemu ile ile: chini, pale maji ya mvua yanapokaa, na katika kona mbili za chini za bawa. Juu huwa zima. Fundi anachoma kwa ncha ya kisu kujua uozo umefika wapi, anakata kwa mshazari ndani ya mbao nzima, anachonga kipande kipya chenye mshazari huo huo, anatia gundi na vijiti. Mshazari ni wa lazima, kwa sababu unaipa gundi mahali parefu pa kushika na maji hayapati mfereji wa kuingilia. Kipande kipya lazima kitoke mti wa tabia ile ile. Kuunga kalitusi mbichi na muvula ya zamani ni kutafuta hasara, maana kalitusi ikikauka hujikunja na kupasuka, huku muvula imekwisha kukauka tangu enzi ya wakoloni. Bora kutumia mlango mbovu au kitanda kilichovunjika cha mbao ile ile.

Mastiki ya zamani ilikuwa unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya lini, yale ya mbegu za kitani. Ikiwa mpya ni laini kama ugali. Miaka ikipita inakuwa jiwe. Wengi huivunja kwa patasi na kuvunja kioo pamoja nayo. Anayepaka mafuta na kusubiri, kisha akaitoa polepole kwa kisu, anaokoa kile kioo cha mawimbi kisichouzwa tena sokoni. Kila kipande kinaandikwa namba kwa penseli na mahali kilipotoka, maana madirisha mawili ya nyumba moja hayalingani kamwe, hata kama macho yanasema yanalingana.

Hatari kubwa iko katika rangi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, madini yenye sumu. Tayari mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo, lakini hakuna anayeweza kujua kwa macho ni rangi gani iko chini ya matabaka matano. Kwa hiyo haifai kuisugua ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishwe kwanza, ikwanguliwe nje, mabaki yakusanywe, na watoto wasiwe karibu, kwani vumbi lake huathiri akili ya mtoto. Hatari hiyo hiyo iko kwa anayepikia mbao hizo zilizopakwa rangi, na hili halisemwi vya kutosha.

Kazi hii hufanywa vizuri wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mbao hunywa unyevu wa mvua na kuvimba. Bawa likipigwa randa likiwa limevimba, kiangazi litaacha nafasi ya upepo. Na si kila dirisha linafaa kuokolewa. Likiwa limeliwa na mchwa hadi ndani ya kadre, au kama mwenye nyumba hawezi kulipa fundi siku nne au tano, chuma si dhambi. Kosa ni kung'oa lililo zima kwa sababu ya kona mbili zilizooza, huku miti mikubwa ya muvula ikizidi kuwa adimu.

Jamaa zilizohama zinaijua habari hii kwa upande mwingine. Vita vikipita, mara nyingi kuta hubaki na madirisha hayapo: yameporwa, au yamepikiwa na waliolala ndani ya nyumba. Goma, ambako baada ya lava ya Januari 2002 watu wengi walijenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano, nyumba nzima inaweza kupotea hivyo, ubao mmoja mmoja. Waliotoka katika kambi za pembeni mwa Goma mwanzoni mwa 2025 wakirudi vijijini, wengine walirudi na bashi ya plastiki tu kuziba mashimo.

Mafundi wana utaratibu kwa nyumba kama hizo. Kadre iliyobaki ukutani haiguswi, hata ikiwa imepigwa shoka upande mmoja. Ndiyo kipimo. Alama za bawaba zinaonesha bawa lilifunguka upande gani na lilikuwa na uzito gani. Mfereji ulioko ndani unaonesha unene wa ubao. Kwa alama hizo bawa jipya linaweza kutengenezwa hata kama mwenye nyumba hakumbuki lile la kwanza. Bashi ipigiliwe kwa nje juu ya vijiti vyembamba, si moja kwa moja juu ya kadre, ili maji yasikae kati ya plastiki na ubao. Nyumba ikiwa na vyumba vinne, chumba wanacholala watoto ndicho kinaanza, kwa bawa la mbao bila kioo, lenye nafasi iliyoachwa tayari kwa kioo. Vioo hufuata kimoja kimoja, jinsi franka zinavyopatikana.