Mbio za robo maili: Wikendi ya mwendeshaji wa pikipiki asiyelipwa

MBIO za pikipiki za robo maili humalizika kabla mtazamaji hajameza mate. Waendeshaji wawili husimama sambamba kwenye lami iliyonyooka, taa huwaka, na baada ya mita 402 mmoja wao ameshaondolewa mashindanoni. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mshindi ni yule mwenye injini kubwa zaidi. Miongoni mwa waendeshaji wa ridhaa, wanaojilipia mafuta, tairi na ada ya kuingia, dhana hiyo aghalabu si sahihi. Mtu huweza kufukuzwa uwanjani kwa kosa la kwenda kasi kupita alivyosema.

Mchezo huu ulipata sheria zake nchini Marekani. Mnamo 1951, jimboni California, Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida la Hot Rod, alianzisha chama cha NHRA ili kuwaondoa vijana waliokuwa wakishindana katika barabara za umma. (Si kila siku mhariri huacha jambo la maana kuliko makala.) Mwaka wa 1954 chama hicho kilituma kikosi kidogo, kikiwa na gari moja, kuzunguka nchi kuwafunza wenyeji na polisi jinsi ya kuandaa mbio salama. Kikosi hicho kiliitwa Drag Safari, na baadaye Safety Safari, jina ambalo wahudumu wa usalama wa NHRA wanalitumia hadi leo. Hivyo neno letu la safari lilikwisha kufika katika viwanja vya Marekani mwaka mmoja tu baada ya mbio za magari za Safari kuanzishwa Afrika Mashariki mnamo 1953.

Nchini Uingereza, uwanja wa Santa Pod ulifunguliwa mwaka wa 1966 mahali palipokuwa kituo cha ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko zipo siku ambapo mwananchi wa kawaida hulipa ada na kujaribu pikipiki yake ile ile aendayo nayo kazini.

Wikendi ya mashindano huanza kwa ukaguzi. Kofia ya kinga, glavu, buti na mavazi ya ngozi hutazamwa kwanza, kisha chombo chenyewe: breki, mnyororo, tairi, na dalili zozote za mafuta yanayovuja. Viwanja vingi havitaki kiowevu cha kawaida cha kupozea injini bali maji matupu, kwa maana kiowevu hicho kikimwagika lami huwa telezi. Aghalabu mwendeshaji hufungwa kamba fupi inayomuunganisha na swichi ya kuzimia injini. Akianguka, kamba huchomoka na injini hunyamaza papo hapo.

Baadhi ya waendeshaji huwa wamekwisha kurefusha mkono wa nyuma unaoshikilia gurudumu, na kuifunga sehemu ya mbele kwa ukanda ili pikipiki iiname. Sababu ni moja. Pikipiki fupi yenye nguvu hunyanyua gurudumu la mbele mara klachi inapoachiwa, na mwendeshaji aliyenyanyuka hivyo hulazimika kupunguza mafuta, au huanguka kichalichali.

Jumamosi huwa ya majaribio. Kila mwendeshaji hukimbia mara kadhaa na kupewa kikaratasi chenye hesabu zake: muda wa kuitikia taa, muda wa mita 18 za mwanzo, muda wa nusu ya njia, muda wa mwisho na kasi aliyofikia. Wazoefu huanza na ile hesabu ya mita 18, kwa kuwa kuondoka kubaya hakufidiki mbele ya safari. Hewa nayo ina neno lake. Jua likipanda hewa huwa nyepesi na injini hupungukiwa na nguvu. Ndivyo ilivyo pia katika nyanda za juu. Uwanja wa Bandimere karibu na jiji la Denver, uliofungwa mwaka wa 2023, ulikuwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,770, ambao haupitani sana na ule wa Nairobi. Muda mzuri wa huko haungelinganishwa na wa uwanja wa pwani, sawa na ambavyo pikipiki ya kawaida ingekuwa nyepesi zaidi Mombasa kuliko Nairobi.

Kutokana na majaribio hayo mwendeshaji hutangaza muda anaotarajia kuutumia, na huuandika kwenye pikipiki. Hapo ndipo penye kiini cha mchezo. Tuseme mmoja ametangaza sekunde 12.50 na mpinzani wake sekunde 9.80. Yule wa polepole huruhusiwa kuondoka sekunde 2.70 mapema. Wote wawili wakitimiza ahadi zao barabara, na kuitikia taa sawasawa, watafika pamoja.

Sasa wa kwanza achelewe kuitikia taa kwa sekunde 0.060, kisha atumie 12.54, ameteleza kwa jumla ya sekunde 0.100. Mpinzani aitikie kwa 0.030 na kutumia 9.86, ameteleza kwa 0.090. Huyu wa pili ameshinda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, ambayo kwa kasi ya kilomita 225 kwa saa ni kama sentimita 62. Lakini lau angetumia 9.78, angekuwa amepita ahadi yake, na ushindi ungemwendea mwenye pikipiki ya polepole. Kwa hiyo utamwona mwendeshaji aliye mbele akigusa breki karibu na mstari wa mwisho, huku akimtazama kwa pembe ya jicho anayemfuata.

Taa zenyewe, ziitwazo mti wa Krismasi, zilianza kutumika mwaka wa 1963. Katika mbio za ridhaa, taa tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kati yake, kisha ya kijani. Anayengoja kijani amechelewa. Mzoefu huachia klachi anapoiona manjano ya mwisho. Akiwahi hata kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, taa nyekundu humwakia naye huwa amekwisha.

Jumapili ni siku ya mwondoano. Wakiwa waendeshaji 64, bingwa lazima ashinde raundi sita mfululizo. Aliyeendesha kutwa nzima kufika uwanjani huweza kuondoka asubuhi kwa taa moja nyekundu, ingawa baadhi ya viwanja humruhusu aliyeshindwa raundi ya kwanza kulipa tena na kurudi.

Hatari haiishi kwa kuwepo uwanja. Elmer Trett, gwiji wa pikipiki zinazotumia mafuta ya nitro, alifariki Indianapolis mnamo Septemba 1996 baada ya kuanguka akiwa katika kasi kubwa. Hata hivyo, pale kuna kuta, wahudumu na njia isiyo na mtembea kwa miguu wala matatu inayogeuza ghafla. Vijana wanaoshindana usiku katika barabara kuu za Nairobi hawana hata kimoja kati ya hivyo, na wanayemgonga hakulipa ada yoyote.

Wapo waliopanda kutoka majaribio hadi mbio za kulipwa. Angelle Sampey, muuguzi kutoka Louisiana, alitwaa ubingwa wa pikipiki wa NHRA miaka ya 2000, 2001 na 2002. Antron Brown naye alianza kwa pikipiki kabla ya kuhamia magari mwaka wa 2008, na akawa bingwa mwaka wa 2012. Wengi hawafiki huko. Jioni ya Jumapili hufunga pikipiki zao juu ya matrela, na vile vikaratasi huwekwa pamoja na vya mwaka jana, ili wikendi ijayo wajue ni muda gani wa kuandika.