Magdalene

Magdalene ni mtu wa Magdala, mji wa kando ya Ziwa Galilaya. Basi. Lakini wengi wakilisikia jina hili huwaza kahaba. Luka sura ya 7 ina mwanamke mwenye dhambi, asiyetajwa jina. Sura ya 8 inamtaja Mariamu Magdalene, aliyetokwa na pepo saba. Aliyempaka Yesu marhamu katika Yohana 12 ni Mariamu mwingine, wa Bethania. Mwaka 591, huko Roma, Papa Gregori wa Kwanza alihubiri kwamba wote watatu ni mtu mmoja, na wachoraji wakafuata. Inaniuma, maana Magdalene ndiye aliyetumwa kuwapa wanafunzi habari ya ufufuo. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake, Julai 22, kuwa sikukuu.