Udongo Ulivyowapokea Wafu wa Embu na Meru

Mchungaji anapochota konzi ya udongo na kuutupia juu ya jeneza, waombolezaji wa Embu na Meru, nchini Kenya, huwa wanajua kitakachofuata: maneno ya Mwanzo 3:19, yale ya mtu kuyarudia mavumbi.

Kiebrania cha mstari huo kina majina mawili ya udongo. Adama ni ardhi ya kulimwa, na jina Adamu ni la ukoo huohuo. Afar ni udongo mkavu uliovunjikavunjika. Biblia ya Kiswahili ya 1952 imeweka "ardhi" na "mavumbi", na mavumbi humfikirisha msomaji vumbi la Kiritiri, huko Mbeere katika Embu, wakati wa kiangazi. Ila afar ina uzito zaidi ya huo. Katika Walawi 14, ndiyo udongo wa kukandika kuta za nyumba. Mkulima wa Mbeere angeitambua mara moja.

Hata hivyo, babu wa mkulima huyo huenda hakuzikwa. Zamani, sehemu nyingi za Embu na Meru, maiti ilipelekwa porini ikaachiwa fisi, na mara nyingine mgonjwa mahututi alitolewa nyumbani angali hai, kwa maana kifo kilitia unajisi boma zima. Hawakuwa watu wasiojali wafu wao. Walikuwa wakiwalinda walio hai.

Wamishenari wa Kianglikana walifika Kigari mwaka 1910, Wamethodisti wakafungua kituo Kaaga, Meru, mwaka 1912, nao Waskoti wakaingia Chogoria mwaka 1922. Walikuja na kaburi, msalaba na ibada ya maziko. Mahubiri peke yake hayakutosha. Kwa Wambeere, aliandika mwanaanthropolojia Jack Glazier mwaka 1984, kuzika kulienea katika miaka ya 1930 kwa shinikizo la serikali ya kikoloni.

Kilichofuata hakuna mmishenari aliyekipanga. Sheria ya kuamua haki za ardhi ilipopitishwa mwaka 1968, koo zikaanza kuvutana kuhusu mashamba ya Mbeere, na kaburi likageuka ushahidi: baba yetu amelala hapa, kwa hiyo hapa ni kwetu. Kizazi kilichokuwa kikiogopa kugusa maiti kilikuwa na wajukuu waliowaonyesha wazee wa kamati ya ardhi makaburi ya koo zao. Adama na afar, shamba na kaburi, vikawa kitu kimoja mbele ya kamati hiyo.